Kurudi Windows 10 au kubaki na Windows 11: namna ya kuamua kabla siku 10 hazijaisha

Ukipandisha kompyuta kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Unawekwa kando kwenye folda iitwayo Windows.old, na kwa siku 10 unaweza kuurejesha kwa kitufe kimoja, pamoja na programu zote ulizokuwa nazo wakati huo. Siku hizo zikipita, folda inafutwa kimyakimya ili kuokoa nafasi. Kuanzia hapo kurudi ni kupiga Windows upya: programu unaweka moja moja, mipangilio unaanza sifuri.

Kwa hiyo aliyeudhika na Windows 11 ana maswali mawili, na wengi hujiuliza moja tu. La kwanza ni kama mfumo mpya unamfaa. La pili ni kama amejipa muda wa kulijua hilo. Wiki ya kwanza ni wakati mbaya kuliko wote wa kuamua, maana hasira bado mbichi na mashine yenyewe bado inajipanga. Lakini ndiyo wiki ambayo Microsoft imekupa. Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ulikuwa na takriban mwezi mzima wa kufikiri. Mwaka 2016 wakaupunguza hadi siku 10. Bahati nzuri, siku hizo unaweza kuziongeza mwenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Ongeza muda, leo hii

Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika cmd, kisha kwenye Command Prompt inayotokea chagua "Run as administrator". Kwenye dirisha jeusi andika amri hii na ubonyeze Enter:

DISM /Online /Get-OSUninstallWindow

Utaonyeshwa siku ulizopewa, ambazo kwa kawaida ni 10. Sasa andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Sitini ndiyo kikomo. Siku zinahesabiwa tangu ulipopandisha, wala si tangu ulipoandika amri, na amri hii haifufui kilichokwisha kufutwa. Ndiyo maana nasema leo. Hata kama unadhani utabaki na Windows 11, andika. Haina gharama yoyote ila nafasi ya diski.

Nafasi hiyo si ndogo. Windows.old hula GB 15, 20, wakati mwingine zaidi, na mwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sahani zinazozunguka) ya GB 128 atashawishika kuifuta. Usiifute. Iko na mwenzake aliyefichwa, $WINDOWS.~BT, na zote mbili zinahitajika siku ya kurudi. Ukitumia Disk Cleanup, usiweke tiki kwenye "Previous Windows installation(s)". Zile programu za kujisifu kwamba zinasafisha kompyuta kwa mbofyo mmoja zikae mbali kabisa kwa kipindi hiki. Nafasi ikibana, hamishia video na picha kwenye diski ya nje.

Na ukiwa umeshaichomeka hiyo diski ya nje, nakili faili zote muhimu, za kazi kwanza.

Hatua ya 2: Jua ulichopandisha

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuambia una toleo gani. Hili linaonekana dogo lakini watu wengi hutafuta kitufe cha kurudi ambacho hakipo kwa sababu hawakutoka Windows 10 kabisa.

Aliyetoka Windows 10 kuja 11, au aliyetoka toleo la 23H2 la Windows 11 kuja toleo la 24H2, amebadilishiwa mfumo mzima. Huyo ana Windows.old na hatua zote hapa zinamhusu. Aliyetoka 24H2 kuja 25H2, toleo lililotoka 30 Septemba 2025, amewashiwa tu vitu vilivyokuwa vimelala ndani ya mfumo uleule. Yeye anakwenda Settings, Windows Update, Update history, chini kabisa "Uninstall updates", anaondoa sasisho hilo dogo, basi.

Kuna na kundi la tatu: aliye kwenye Windows 11 siku nyingi, ila asubuhi moja kaamka kompyuta haieleweki. Masasisho ya usalama hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki hutua mnamo saa 2 au saa 3 usiku. Tabu yako ikianza Jumatano ya wiki hiyo, mtuhumiwa wa kwanza anajulikana. Naye huondolewa palepale kwenye "Uninstall updates", bila kugusa mfumo mzima.

Hatua ya 3: Andika malalamiko yako, kisha yagawe

Chukua karatasi. "Windows 11 mbovu" halihesabiki kuwa lalamiko. Andika kitu kinachoweza kujaribiwa: printa ya mapokezi haichapishi, Excel inachukua dakika mbili kufunguka, sioni majina ya madirisha chini. Ukimaliza, kila mstari utaangukia kwenye mafungu haya: sura, kasi, au kitu cha kazi kilichokufa. Kila fungu lina dawa yake, na uzito wake kwenye uamuzi ni tofauti sana.

Mambo ya sura nayapitia haraka kwa sababu karibu yote yanarekebishika ndani ya nusu saa.

Kitufe cha Start kimehamia katikati? Nenda Settings, Personalization, Taskbar, kisha "Taskbar behaviors", na kwenye "Taskbar alignment" chagua Left. Madirisha yamerundikwa kwenye alama moja bila majina? Hapohapo, kwenye "Combine taskbar buttons and hide labels", chagua Never. Menyu ya kubofya kulia imekatwa? Bonyeza Shift na F10 ipate kutokea ile ndefu ya zamani. Mapendekezo na matangazo ndani ya Start yazimwe kwenye Personalization, Start. Vidirisha vya habari na hali ya hewa vizimwe kwenye mipangilio ya Taskbar.

Hilo la majina ya madirisha lina historia yake. Windows 11 ilipotoka 5 Oktoba 2021 haikuwa nalo kabisa. Lilirudishwa 2023 baada ya watumiaji kupiga kelele miaka miwili. Kuburuta faili hadi kwenye upau wa chini nako kuliondolewa, kukarudi 2022. Windows 8 nayo ilikuja 2012 bila kitufe cha Start, na mwaka uliofuata 8.1 ikakirejesha. Kwa hiyo ukisoma malalamiko ya zamani mtandaoni, angalia tarehe; huenda unaonewa huruma kwa ugonjwa uliokwisha kupona.

Hatua ya 4: Kama tatizo ni kasi, pima kabla ya kulaumu

Baada ya kupandisha, kompyuta inafanya kazi nyingi usizoziona: inapanga upya orodha ya utafutaji, Defender (antivirusi ya Windows yenyewe) inakagua diski, programu za Store zinasasishwa, draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zinashushwa, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapakia faili. Kazi hizi hufanyika mashine ikiwa imetulia. Sasa fikiria mtu anayeiwasha asubuhi, anafanya kazi mfululizo, na jioni anaizima ili kuokoa umeme. Hazimaliziki. Kila siku zinaanza tena, na yeye kila siku anaona kompyuta nzito. Iache ikiwaka usiku mmoja au miwili, ikiwa kwenye chaji na intaneti, halafu ndiyo uhukumu.

Wa bando wana mtihani hapa. Ukiweka mtandao wako kuwa "Metered connection", Windows itaacha kushusha mambo mengi na bando lako litapona. Ila pia itachelewesha draiva unazozihitaji ili mashine itulie. Ushauri wangu: iruhusu ishushe siku moja kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya mahali usipolipia kwa GB, kisha urudishe kizuizi.

Ikiwa wiki mbili zimepita na bado inaganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager itafunguka. Tazama safu za CPU, Memory na Disk wakati uzito unapotokea.

Disk ikikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu, na kompyuta yako bado ina hard disk ya sahani zinazozunguka, umepata jibu na jibu hilo halihusu Windows 11 peke yake. Mfumo huu umejengwa ukitarajia SSD. Kurudi Windows 10 kutakupa nafuu kidogo tu. SSD itakubadilishia mashine nzima, kwa mfumo wowote utakaochagua, na kwa fundi ni kazi ya kufungua skrubu chache na kunakili diski. Kama una pesa ya kutatua jambo moja tu, tatua hili.

Memory ikiwa imejaa, hesabu RAM uliyo nayo. GB 4 ndicho kiwango cha chini kilichoandikwa na Microsoft, na ni kiwango cha kuwakia, hakikuandikwa kwa mtu anayefungua Chrome yenye kurasa kumi na Excel pembeni. GB 8 ndipo maisha yanapoanza. Kabla ya kununua, fungua "Startup apps" humohumo na uzime programu zinazojiwasha zenyewe bila kazi.

CPU ikipanda juu, panga orodha kwa kubofya neno CPU na usome jina lililo juu. Huenda ni antivirusi ya pili iliyokuwapo tangu enzi za Windows 10, sasa inagombana na Defender. Iondoe.

Hatua ya 5: Kama kitu cha kazi kimekufa

Fungu hili ndilo lenye uzito. Printa, skana, kisoma alama za vidole, programu ya hesabu, VPN ya ofisi: kimoja kikigoma, kazi imesimama, na hakuna anayejali kitufe cha Start kiko wapi.

Anza na Device Manager: bofya kulia kwenye Start utaiona. Kifaa chenye pembetatu ya njano kimekosa draiva au kina draiva mbaya. Bofya mara mbili, nenda Driver, na kama "Roll Back Driver" inabonyezeka, ibonyeze. Kama haibonyezeki, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji ukatafute draiva.

Hapa kuna jambo ambalo linaokoa wengi. Ukikuta mtengenezaji hana draiva ya Windows 11, usifunge ukurasa. Shusha ile ya Windows 10 ya biti 64. Ndani, mifumo hii miwili inafanana kuliko sura zake zinavyoonyesha, na draiva ya Windows 10 ya biti 64 kwa kawaida inakubali. Ondoa kwanza printa kwenye orodha ya "Printers & scanners", washa upya, kisha weka draiva hiyo kwa mkono badala ya kuiachia Windows ijichagulie.

Programu ya zamani ikigoma kufunguka, bofya kulia kwenye alama yake, Properties, Compatibility, uweke tiki iendeshwe kama kwenye Windows 8 au 7. Mara nyingi inaamka.

Tatizo jingine linalosumbua ofisi ndogo ni folda ya pamoja. Mlikuwa mnafungua faili kwenye kisanduku cha hifadhi cha mtandao au kwenye fleshi iliyochomekwa nyuma ya ruta, bila nenosiri lolote. Mmepandisha hadi 24H2 na folda haifunguki. Hakuna kilichoharibika. Kuanzia 24H2, Windows 11 Pro inadai mawasiliano hayo yatiwe saini ya kidijitali, na imekataa kuingia kwenye folda za mtandao kama mgeni asiye na jina. Dawa yake ni kuweka jina la mtumiaji na nenosiri kwenye hicho kisanduku, na kusasisha programu yake kama mtengenezaji ametoa mpya. Kurudisha kompyuta za ofisi nzima Windows 10 kwa sababu hii ni kuondoa kufuli ili mlango ufunguke kirahisi.

Kwa mashine inayojizima au kuleta skrini ya buluu, bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel. Utafunguka ukurasa wenye mstari wa siku na alama nyekundu kila kilipoanguka kitu. Tazama alama hizo zilianza lini. Zikianza siku uliyopandisha, una ushahidi. Zikiwa zilikuwapo mwezi mmoja kabla, basi RAM au diski inakufa, na utarudi Windows 10 ukiwa na tatizo lilelile mkononi.

Hatua ya 6: Jiulize kama mashine ilistahili Windows 11 tangu mwanzo

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), na prosesa ya Intel kizazi cha 8 au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea, isipokuwa chache. Laptop nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu, kama HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T470, ni za kizazi cha 6 na cha 7. Hazimo. Ndugu zao wa baadaye, 840 G5 na T480, nyingi zina kizazi cha 8, na hizo zimo. Kama muuzaji alikupa 840 G3 yenye Windows 11 inang'aa, fundi alizunguka ukaguzi.

Inafanya kazi, sikatai. Wengine wanaitumia hivyo miaka. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, yakiwamo ya usalama, na kila toleo jipya la mwaka itabidi mtu alipige kwa mkono. Isitoshe, kama fundi aliifuta diski na kuipiga Windows 11 moja kwa moja, hakuna Windows.old ya kurudia. Hakikisha mwenyewe kwa programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check.

Hatua ya 7: Tazama kalenda ya Windows 10

Hapa uamuzi wa sasa unatofautiana na ule wa watu walioikimbia Vista wakarudi XP mwaka 2007. Wao walirudi kwenye mfumo ambao bado ulihudumiwa. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya bure ya usalama 14 Oktoba 2025. Ukirudi bila mpango, unarudi kwenye mfumo ambao kila tundu litakalogunduliwa litabaki wazi.

Mpango upo. Unaitwa ESU, yaani masasisho ya ziada ya usalama, na kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026. Masharti yake ni Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye wingu lao, hulipi. Usipotaka, kuna njia ya kulipa dola 30 mara moja, na leseni moja inatosha kompyuta 10. Unajiandikisha kwenye Settings, Update & Security, Windows Update, penye "Enroll now". Makampuni yana mpango wao: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Utasikia pia kwamba Defender itaendelea kupata orodha ya virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ni kweli, ila usijifariji sana. Antivirusi inatambua mhalifu anayejulikana. Haizibi tundu la mfumo.

Hatua ya 8: Amua

Mimi naamua hivi.

Kama karatasi yako ina mambo ya sura tu, baki. Utayazoea, na Windows 10 hutakaa nayo muda wa kutosha kufidia usumbufu wa kurudi.

Kama ni kasi, na hujaiacha ikamaliza kazi zake za ndani wala hujatazama Task Manager, hujafikia hatua ya kuamua. Una siku 60. Zitumie.

Kama chombo cha kazi kimekufa, draiva ya Windows 10 umeijaribu ikagoma, na mtengenezaji hana habari, rudi bila aibu. Hivyohivyo kama skrini za buluu zilianza siku ya kupandisha na haziishi. Rudi, jiandikishe ESU siku hiyohiyo, na miezi iliyobaki itumike kutafuta printa au programu mbadala, maana hiyo ndiyo kazi halisi uliyoiahirisha.

Kama mashine yako haikustahili na bado unayo njia ya kurudi, rudi Windows 10 yenye ESU, kisha uanze kuweka akiba ya mashine nyingine au ujaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, kutoka kwenye fleshi, bila kuisimika. Kwa anayetumia kompyuta kwa intaneti, barua pepe na kuandika, inatosha vizuri kuliko anavyodhani. Kwa aliyefungwa na programu ya hesabu ya Windows, haitoshi, asijisumbue.

Ofisi yenye kompyuta nyingi irudishe moja kwanza, itumike wiki nzima, ndipo izirudishe nyingine.

Hatua ya 9: Namna ya kurudi

Kabla ya kubonyeza chochote, hakikisha mambo haya. Unakumbuka nenosiri ulilotumia kwenye Windows 10. PIN ya sasa pekee isikudanganye. Umefuta akaunti za watumiaji ulizoongeza baada ya kupandisha. Kama ulipandisha kwa fleshi, ichomeke. Umeandika majina ya programu ulizoweka tangu siku hiyo, kwa sababu zote zitaondoka.

Tazama pia faili zako ziko wapi. Wakati wa kupandisha, OneDrive ilipenda kukuuliza kama ihifadhi Desktop na Documents, na wengi walibofya ndiyo bila kusoma. Kama ni hivyo, faili ziko ndani ya folda ya OneDrive na nyingine ziko kwenye wingu tu. Zishushe kwanza. La sivyo utarudi Windows 10 ukute Desktop tupu na moyo uruke.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la diski, na hili utaliona kwenye Privacy & security, "Device encryption", ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ufunguo wa kufungulia, wenye tarakimu 48, kwenye karatasi. Usiuhifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kisha umeme. Laptop ichajiwe na ibaki imechomekwa. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS achague saa ambayo mtaani kwake umeme haukatiki. Kazi inaweza kuchukua nusu saa, na kwenye hard disk ya zamani ikazidi saa nzima. Ikikatika katikati ndipo unapohitaji ile nakala ya faili uliyoweka nje.

Sasa nenda Settings, System, Recovery, ubonyeze "Go back". Itakuuliza sababu, chagua yoyote. Itakusihi ujaribu kusasisha kwanza, kataa. Itakuonya kuhusu programu na nenosiri, kubali hadi mwisho. Usiguse kitu mpaka skrini ya kuingia itokee.

Ikiwa Windows 11 haiwaki kabisa, izime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia mara tu inapoanza kuwaka, urudie mara mbili tatu, hadi ikuletee skrini ya matengenezo. Chagua Troubleshoot, Advanced options, "Uninstall Updates", kisha "Uninstall latest feature update". Matokeo ni yaleyale.

Na kama siku zimepita, kitufe hakibonyezeki? Imebaki kupiga upya. Tafuta fleshi ya GB 8 au zaidi, shusha Media Creation Tool ya Windows 10 kutoka Microsoft wenyewe, na tenga GB kadhaa za bando. Weka kwenye fleshi nyingine draiva ya Wi-Fi ya mashine yako, kwa sababu kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kushusha draiva ya intaneti. Chagua toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Ikikuomba namba ya leseni, bonyeza "I don't have a product key". Kama Windows 10 yako ilikuwa halali, itajitambua ikishapata mtandao. Iliyokuwa ya kuchakachua haitajitambua.

Hatua ya 10: Ukishatua

Fungua winver uhakikishe unasoma 22H2. Jaribu kile kitu kilichokurudisha, kabla hujaweka programu nyingine yoyote. Endesha Windows Update hadi isiseme kitu, kisha jiandikishe ESU.

Baada ya siku chache utaletewa tena ofa ya Windows 11. Penye ofa hiyo kuna maandishi madogo, "Stay on Windows 10 for now", bofya hayo. Mwenye Pro anaweza kuifunga kabisa: Windows na R, gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, Windows Update for Business, kisha "Select the target Feature Update version". Washa, andika Windows 10 kwenye nafasi ya kwanza na 22H2 kwenye ya pili. Siku mtengenezaji wa printa yako akitoa draiva, rudi hapo uzime na ukubali ofa. Hulipi tena, na siku 10 zinaanza kuhesabiwa upya.